Jiwe la Mpaka Lililohama

Mume wangu Magige alilihamisha jiwe la mpaka wa mji siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nilimwona kwa macho yangu. Mama yake, Wegesa, alimwona pia, maana alikuwa mlangoni pa kibanda chake akipukuchua maharage.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, Operesheni ya vijiji imetufikia huku Mwisenge. Aliyekaa ndani ya mawe yale, yaliyosimikwa na Wazungu kuonyesha mwisho wa mji wa Musoma, alibaki kwake. Aliyekaa nje alipakiwa kwenye lori, akapelekwa porini upande wa Bunda akaanze kijiji cha ujamaa. Sisi sote tulikuwa ndani. Tatizo lilikuwa ng'ombe: mjini walipigwa marufuku, na Magige anawapenda ng'ombe kuliko chochote chenye roho.

Basi akaling'oa jiwe, akalisimika kati ya nyumba yetu na zizi. Zizi likawa nje. Kibanda cha mama yake, kilichokuwa ubavuni mwa zizi, nacho kikawa nje.

"Na mama je?" nikamwuliza.

"Mama ni mzee. Huko watamjengea. Si ndiyo ujamaa wenyewe?"

Alisema hayo akila, mikono hajanawa, tope limejaa kwenye kucha, ananyonya kichwa cha samaki furu na kutema miba mezani. Na mtu huyu nimezaa naye!

Lori lilipokuja sikunyamaza. Nilimwambia ofisa wa Operesheni mbele ya watu kwamba jiwe limehamishwa, na aliyelihamisha ni huyu hapa. Ofisa akautazama udongo mbichi, kisha akamtazama Magige.

"Unajua hii ni jela?"

Magige akarudi nyuma ya mama yake, mwanamume mzima. Ofisa akamgeukia mama mkwe.

"Bibi, wewe ndiye mkazi wa siku nyingi. Jiwe lilikuwaga wapi?"

Mama akamtazama mwanawe.

"Lilikuwaga hapo hapo," akasema. "Tangu Wazungu."

"Mama! Si uliona?" nikamwuliza.

"Mwanangu, macho yangu siku hizi hayaonagi."

Macho yaliyokuwa yakichagua maharage mabovu! Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akajifunga khanga vizuri, akapanda lori peke yake. Magige hakumpa hata mkono wa kumsaidia kupanda.

Hofu ilipomtoka alicheka.

"Mama ana akili sana," akaniambia, akienda zizini. "Chemsha maziwa, mama Ngolo."

Nilitema mate pale pale miguuni pake. Kisha nikamwomba dereva asubiri, nikaingia ndani kufunga nguo zangu.