Humu Hakuna Shikamoo

Kundi letu la wafumaji kwenye simu lina watu tisa, na sheria yake ya kwanza aliiweka mwenyekiti, mwalimu wa hesabu: humu hakuna shikamoo. Alikuwa amechoka. Kila asubuhi simu yake ilijaa shikamoo na marahaba mpaka mchoro wa kitambaa alioutafuta unazama huko chini. Akaandika, "Semeni habari zenu, inatosha. Anayetaka kuamkiwa akaamkiwe kwao."

Sheria ile niliipenda kuliko yeye mwenyewe aliyeitunga. Kwa sababu yake hakuna aliyejua nina wajukuu sita. Picha yangu ilikuwa pembe ya kitambaa cha meza, jina langu Sindano, na nilipoulizwa kwa nini situmi ujumbe wa sauti nilisema simu yangu ina kikohozi.

Humo nilimpata Kifundo. Mtu alikuwa hajaniita kichwa maji tangu dada zangu waondoke duniani. Kifundo aliniita hivyo kila Jumatatu. "Shoga, umeruka tundu mstari wa tano, macho umeyaazima kwa nani?" Siku moja alilalamika juu ya mama mkwe wake, akaniuliza, "Wako yukoje?" Nikajibu, "Hana neno." Sikudanganya. Alikwisha kuzikwa miaka thelathini iliyopita. Lakini Kifundo akaelewa tumeolewa mwaka mmoja, nami nikamwacha aelewe hivyo.

Ndipo wakapiga kura tukutane ana kwa ana, mjini kwangu. Mwenyekiti akaandika, "Sindano ndiye mwenyeji, atupangie siku."

Tangu hapo makalio yangu hayakukaa kitini. Binti yangu, karani wa zahanati, akanikuta nafuta meza ambayo nimetoka kuifuta.

"Mama, unaumwa?"

"Napanga."

"Unapanga nini kwa kitambaa cha vyombo?"

Ningemwambia nini? Kwamba siku wakiniona wote watanyooka, shikamoo bibi, karibu kiti bibi, na Kifundo atafunga mdomo wake mtamu na hataufungua tena mbele yangu? Watu wa kuniheshimu ninao tele. Wa kunisuta nilikuwa naye mmoja.

Nikaandika ratiba ya kwanza: tuanze na sinema.

Kifundo akarukia, "Sinema! Mwaka mzima tunaoneana hamu, halafu utukalishe gizani tumetazama mbele kama kuku wanaoatamia?"

Nikafuta. Nikaandika matembezi ya makundi mawili, moja liende darajani, jingine dukani, mimi nikajitia kundi asilokuwemo yeye.

"Unanikimbia, Sindano? Una deni la nini?"

Nikafuta tena. Nikabadilisha saa, nikabadilisha siku, nikauliza kama kuna anayeogopa mvua. Mwishowe mwenyekiti akaipanga mwenyewe: saa tatu asubuhi mbele ya maktaba, kila mtu na uzi mwekundu mkono wa kushoto ili tutambuane, saa nne duka la nyuzi, kila mmoja amchagulie mwenzake uzi kwa jinsi anavyomjua, saa sita chakula kwenye nyasi, saa nane picha darajani. Akapiga kura ya nani amchagulie nani. Mimi nikaangukia kwa Kifundo, yeye ndiye wa kunichagulia.

Jumamosi nilifika saa mbili na robo. Uzi wangu mwekundu ulikuwa mfukoni. Nikajiambia nitaufunga akitokea wa kwanza. Akatokea wa kwanza, wa pili, wa tano, wanakumbatiana na kucheka, na mimi kwenye benchi mkono mfukoni, nausokota ule uzi mpaka ukawa na jasho.

Halafu nikasikia sauti niliyoizoea kwenye simu, ya Kifundo. Msichana mwembamba, koti juu ya sare ya unesi, anakuja anasema peke yake: "Ametubadilishia saa mara saba na mwenyewe hayupo!" Akajitupa benchini ubavuni kwangu, akanitazama, akalainika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Mdomo ulinitangulia. Miaka yote hiyo ya kuitikia, umekuwa kama goti likigongwa.

Akatoa simu, akaandika kwa vidole viwili kwa hasira. Simu ikalia mfukoni mwangu. Akageuka. Akaandika tena herufi moja tu, akaituma. Yangu ikalia tena.

Nikautoa mkono na uzi wake.

Akautazama uzi, akanitazama usoni. Akasema kwa sauti ndogo nisiyoijua, "Samahani sana, bibi. Kwa maneno yote yale."

Basi, ndiyo hiyo niliyoiogopa, imekuja na miguu yake. Njiani kwenda dukani alinibebea mfuko. "Taratibu bibi, kuna ngazi." Wengine wakanipisha mlangoni wakanyamaza, kana kwamba ameingia mkaguzi. Nilitamani kurudi nyumbani nikafute meza.

Dukani kila mtu akazama rafuni. Kifundo akarudi na donge la uzi wa kijivu, mnene, akanipa kwa mikono miwili.

"Huu una joto, bibi. Kwa ajili ya magoti."

Kijivu! Nikaurudisha kifuani kwake.

"Umeambiwa nimekufa? Mwaka mzima unasema nami, ndivyo unavyonijua? Magoti?"

Hapo ule mdomo wake ukafunguka.

"Na mimi nitakujuaje? Eti mama mkwe wako hana neno! Nimekumwagia mambo ya chumbani kwangu nikidhani nasema na mwenzangu, kumbe mzee mzima umekaa huko unacheka! Simu ina kikohozi! Hukuona haya?"

Duka zima likasimama. Mwenyekiti akaja mbio, "Kifundo! Heshima, jamani."

"Mwache," nikasema. "Mwache aseme, hajamaliza."

Maana alikuwa analia, na alikuwa na haki. "Sikucheka hata siku moja," nikamwambia. "Niliogopa utaacha kunisema."

"Ningekusema vilevile!"

"Ulinibebea mfuko."

Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Mzito kama mawe ule mfuko. Umetia nini, cherehani?" Akatupa kile kijivu rafuni, akachomoa rangi ya chungwa iliyoiva, akaibandika shavuni kwangu bila kuomba ruhusa. "Hapana, huna sura ya chungwa. Simama vizuri."

"Nimesimama."

"Umepinda."

Mwenyekiti akaonyesha saa yake. Hakuna aliyemtazama. Kifundo alikuwa amenishika kidevu, ananigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anabishana na mwenye duka juu ya kijani.