Chumba cha Vigae

Mwaka 1996 Kabula na mumewe walinunua jumba kuukuu la meneja wa mgodi, pale Mpanda, wafungue gesti. Chumba kimoja kilimshangaza: sakafu ya vigae vyeupe, kuta zanuka tumbaku. Akamwita jirani, Mama Fredrick, mwenyeji wa siku nyingi.

"Mama, humu mlikuwa na nini?"

"Mzungu alikuwa anaogea. Alipoondoka ikawa zahanati, halafu ushirika wakajaza tumbaku."

Mama Fredrick akavua kandambili, akaingia taratibu mpaka dirishani.

"Fredrick nilimzalia hapa. Uchungu ulipozidi, nesi akaniimbia."

"Aliimba nini?"

Mama akauanza wimbo, akausahau katikati, wakacheka wote. Kabula alitaka kukifanya stoo. Akaghairi, akaweka kitanda.