Kulwa Luhende, Ambaye Pia Huitwa Doto

1.

MFUKO WA ULINZI WA WAFANYAKAZI
OFISI YA SHINYANGA

Ndugu Mwanachama KULWA LUHENDE SHIJA (pia: DOTO),

YAH: MAOMBI YAKO YA FAO LA KUKOSA AJIRA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baada ya zoezi la ulinganishaji wa taarifa, imebainika kuwa wewe ni mwajiriwa wa shule ya sekondari jijini Mwanza kwa miaka tisa sasa. Imebainika pia kuwa umejiandikisha mara mbili kwa majina tofauti, jambo ambalo ni kosa kisheria.

Maombi yako yamesitishwa.

Tunakutakia kazi njema.

2.

Kazi njema!

Kulwa aliisoma barua hiyo amesimama mlangoni kwake, mtaa wa Ndala, mikono ina unga, na alipofika mstari wa mwisho alicheka peke yake mpaka jirani akachungulia. Kiwanda cha kuchambua pamba, alikokuwa mpima marobota kwa miaka kumi na minne, kilikuwa kimefungwa miezi miwili nyuma. Kilifungwa mchana kweupe. Mashine zilizimwa, meneja akapanda juu ya robota, akasema poleni, akashuka.

Na huyo Doto?

Doto ni dada yake pacha. Kulwa alitangulia, Doto akafuata dakika ishirini baadaye. Ni karani wa shule huko Mwanza. Hakuna siri hapo. Mtu yeyote Usukumani akikutana na Kulwa, swali lake la pili ni Doto yuko wapi. Mtoto wa chekechea angejua.

Mfumo haukujua.

3.

Vitu ambavyo mfumo ulivilinganisha:

tarehe ya kuzaliwa: sawa
jina la baba: sawa
jina la mama: sawa
zahanati alikozaliwa: sawa
shule ya msingi: sawa
sura kwenye picha: sawa kwa asilimia tisini na saba
jina la kwanza: tofauti kidogo

Kidogo.

4.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shida yako?"

"Barua hii imekosewa. Huyu Doto si mimi. Ni pacha wangu."

Bi. Leokadia, ofisa wa dirisha namba tatu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika kitu kwenye kompyuta, akasubiri, akaandika tena.

"Mfumo unasema ni wewe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sina pa kusemea."

"Basi chukua alama za vidole tumalize. Vidole vyetu havifanani."

"Mashine ya vidole ni mbovu tangu mwezi wa..." Akawageukia wenzake. "Jamani, ni tangu lini?"

Hakuna aliyekumbuka.

(Kutoka benchi la nyuma:
"Mtandao umerudi?"
"Umerudi, ila haufanyi kazi."
"Sasa umerudi kufanya nini?")

"Nipe basi hizo taarifa zangu," Kulwa akasema, sauti imeanza kupanda. "Mnazo zangu zote, mimi sina hata moja. Nipe nizisome."

"Hiyo ni haki yako," akasema Bi. Leokadia. Na printa, ambayo siku hiyo ilikuwa nzima kwa bahati mbaya, ikatoa karatasi tatu.

5.

TAARIFA ZA MWANACHAMA

Kulwa alizisomea nje, kwenye ngazi za ofisi, kidole kikitembea mstari kwa mstari.

Mwajiri: shule ya sekondari, Mwanza. Hiyo ya Doto.

Mwajiri (wa pili): kiwanda cha pamba, Shinyanga. Hiyo yake.

Wategemezi: watoto watatu. Hao wake.

Huduma za afya zilizotolewa: kusafishwa damu kwa mashine, kitengo cha figo, kila Jumanne na Ijumaa, tangu Machi.

Tangu Machi.

Kwanza alishika kiuno chake mwenyewe. Kweli kabisa, ndivyo alivyofanya, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha simu ipo. Alihesabu miezi kwa vidole: Machi, Aprili, Mei, mpaka Oktoba. Mwezi Juni walikuwa pamoja kwenye arusi ya binamu yao na Doto hakucheza, alisema viatu vinambana.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine.

Ndugu wa karibu wa kujulishwa: HANA.

6.

"Kulwa! Vipi, wamekulipa?"

"Figo zako zina nini?"

Upande wa pili wa simu kengele ya shule ikalia. Wanafunzi wakapita kwa kelele, kelele zikaisha.

"Nani kakwambia?"

"Dirisha namba tatu."

"Dirisha gani? Kulwa, hayo mambo niliyaandika ili nitibiwe. Sikuyaandika ili uyasome."

"Yamekuja na jina langu juu."

"Ungefumba macho!"

"Na hiyo HANA? Mama hayupo, baba hayupo, lakini mimi? Mimi ni nani kwako, Doto?"

Doto alikwenda kufunga mlango. Aliporudi, hasira ilikuwa imepungua na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Daktari akijua nina ndugu, atauliza ndugu gani. Akisikia pacha, ataruka kwenye kiti. Ningekwambia leo, kesho ungeshuka kwenye basi na figo mkononi. Nakujua. Una watoto watatu na baba yao ameoa kwingine. Nikasema huyu simwambii."

"Ungeniacha niamue mwenyewe."

"Ndicho nilichokuwa nakikwepa."

Simu ikakatika. Mpaka leo kila mmoja anasema aliyekata ni mwenzake.

7. (Kulwa)

Ijumaa. Kulwa alikaa mezani na karatasi za daftari za mwanawe, akaandika barua ya malalamiko. *Mimi niliyetajwa hapo juu ni mtu mmoja. Dada yangu naye ni mtu mmoja. Jumla yetu ni*

Akaichana. Akaanza upya.

7. (Doto)

Ijumaa. Muuguzi alipitisha kadi ya bima kwenye kifaa. Akaifuta kwa koti lake, akaipitisha tena.

UANACHAMA UMESITISHWA. SABABU: MWANACHAMA AMEOMBA FAO LA KUKOSA AJIRA.

"Umeacha kazi, dada?"

"Nimeomba ruhusa ya asubuhi tu. Nikitoka hapa narudi kazini."

Mfuko huo huo unaolipa mafao ndio uliokuwa ukitoa bima. Kwa kuwa Kulwa na Doto sasa walikuwa mtu mmoja, Kulwa alionekana ana kazi, na Doto akaonekana hana.

Muuguzi aliangalia miguu ya Doto iliyovimba, akaangalia mlango. "Leo nakuingiza kwa dhamana yangu. Jumanne njoo na kadi inayosoma. Tafadhali, dada. Jumanne sitaweza."

8.

Wewe unayesoma hapa umeshaniona mbaya. Ni mimi, Leokadia, wa dirisha namba tatu. Nakuuliza, wewe ungefanyaje? Nina miaka ishirini na sita katika ofisi hii. Zamani mtu akija na tatizo, nilifungua faili, nikachukua kalamu nyekundu, nikakata kosa, nikasaini pembeni. Ilichukua dakika tano. Sasa faili liko ndani ya mfumo, mfumo uko makao makuu, na makao makuu ukiwapigia wanakwambia waulize walioutengeneza. Waliouten

(Ngoja, kuna mtu dirishani.)

Ni yeye. Kulwa. Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Na nyuma yake, akijishikilia kwenye ukuta, ni yeye tena.

9.

Doto alikuwa amekuja na basi la alfajiri kutoka Mwanza bila kumwambia mtu. Walikutana kwenye lango la ofisi. Hawakusalimiana. Kulwa alimtazama usoni, akatazama vifundo vya miguu, kisha akampokea mkoba kama anamnyang'anya.

Benchi zima liligeuka kuwaangalia. Mzee mmoja alisema, "Haa!" Mlinzi akanyanyua mkono.

"Mtu mmoja mmoja dirishani!"

"Ndivyo mnavyosema," Doto akamjibu. "Nyinyi ndio mnasema tuko mmoja."

Doto akaweka kadi yake ya bima juu ya kaunta, akasema imefungwa. Bi. Leokadia alivua miwani, akaivaa.

"Nawaona," akasema polepole. "Kwa macho yangu nawaona wawili. Lakini mfumo hauna sehemu ya kuandika nimewaona."

"Andika popote," Kulwa akasema.

"Sikilizeni, wanangu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutenganisha kumbukumbu. Fomu inakwenda kwenye kamati, kamati inakaa, siku tisini za kazi."

"Kesho ni Jumanne!" Kulwa alipiga kaunta kwa kiganja. "Anatakiwa kwenye mashine kesho! Mnataka damu yake isubiri kamati?"

"Ya pili," Bi. Leokadia akaendelea, sasa akinong'ona, "ni wewe Kulwa kufuta maombi yako. Ukifuta, mfumo utaona mtu mmoja mwenye kazi, na mwenye kazi ana bima. Itafunguka leo leo."

"Na mimi?"

"Wewe hutalipwa. Na kwa kazi ya kile kiwanda hutaweza kuomba tena. Na ukishafuta..." Alisita. "Ni kama umekubali kwamba Doto ni wewe."

"Asisaini," Doto akasema. "Kulwa, sijasafiri kilomita zote hizi uje ufutwe. Nimekuja waone kwamba tuko wawili."

"Wameona. Imesaidia nini?"

"Watoto watakula nini?"

"Hilo si lako."

"Na figo zangu si zako!"

Vichwa vikageuka.

Figo.

Neno hilo sasa lilikuwa mikononi mwa watu thelathini ambao haliwahusu. Mzee wa "Haa!" aliinamisha macho, na mama mmoja akajifanya anamfunga mtoto mgongoni. Doto alitazama sakafu. Miezi minane alikuwa amelificha hata kwa pacha wake, na sasa alikuwa amelitoa kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya ukumbi mzima. Kulwa aliona mabega yake yakishuka. Hakubishana tena. Akanyoosha mkono kuomba kalamu.

10.

FOMU YA KUFUTA MAOMBI
Sababu ya kufuta (weka alama sehemu MOJA tu):

☐ Nimepata ajira
☐ Nimehamia nje ya nchi
☐ Nimefariki

Kulwa hakuweka alama popote. Pembeni, kwa herufi kubwa, aliandika: TUKO WAWILI.

"Itarudishwa," akasema Bi. Leokadia. "Samahani, mwanangu. Ikichafuliwa inarudishwa."

Akampa nyingine. Kulwa akaweka alama mahali pa kwanza, kwenye uongo, na chini ya maneno *nathibitisha kuwa niliyoyaeleza ni kweli* akasaini jina lake lote. Aliikandamiza kalamu kwa hasira mpaka ikatoboa karatasi.

Ile iliyochafuliwa haikutupwa. Bi. Leokadia aliiweka ndani ya bahasha, akaandika kwa mkono: *Kamati ya Rufaa. Mimi ofisa nimewaona kwa macho yangu, wote wawili, saa mbili na nusu asubuhi.* Akasaini. Mfumo haukuwa na njia ya kuipeleka, hivyo akaipeleka posta mwenyewe wakati wa chai.

Itafika lini, nani ataifungua, kama ataamini

11.

*Hongera KULWA (pia: DOTO)! Umepata ajira. Mfuko unafurahi pamoja nawe. Tafadhali tathmini huduma yetu kwa kujibu 1 mpaka 5.*

Kulwa alijibu 0.

*Jibu lako halitambuliki.*

12.

Jumanne, Mwanza. Kadi ilisoma.

Kulwa aliingia na Doto mpaka ndani, akapewa kiti cha plastiki kando ya kitanda. Hakuwa amewahi kuiona mashine hiyo. Damu ilitoka kwenye mkono wa Doto kwa mrija mmoja, ikazunguka, ikarudi kwa mrija wa pili, bila haraka. Chumba kilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Kitandani jirani mwanamume mmoja alikuwa akisikiliza mpira kwenye redio ndogo.

"Ni saa nne nzima," Doto akasema. "Utachoka kukaa."

"Sina kazi."

Doto akacheka, kicheko cha kwanza tangu walipokutana langoni, kikamfanya akohoe. Muuguzi alipita, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akafungua mdomo kusema kitu, kisha akaenda kuangalia kitanda kingine. Lakini macho yake yalirudi. Yalirudi mara mbili.

"Ameshaanza kuhesabu figo," Doto akasema. "Sasa hivi anamfuata daktari."

"Mwache amfuate."

"Kulwa."

"Sijakuuliza kitu."

"Unaniuliza kwa macho tangu jana."

Kulwa akageuza kiti kidogo, akaelekea dirishani. Nje, mtu alikuwa anamwagilia maua kwa ndoo iliyotoboka. Alimtazama huyo mtu mpaka ndoo ikaisha maji.

"Leo sitaki kuulizwa," Doto akasema nyuma yake. Mashine iliendelea kuzunguka. Redioni watu walipiga kelele, goli lilikataliwa.

"Uliza kesho."