Sufi ya Sentimita Nne

Ofisini walimwita Milimita, naye alijifanya hapendi. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba kwa kompyuta, mtu wa kukurudishia karatasi kwa sababu mlango wako umezidi kwa unene wa wembe. Kazi aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa kuchora sufi ya kuzuia joto, ile inayolazwa kati ya bati na dari. Kwenye ramani huonyeshwa kwa mstari unaojikunja huku na huku mpaka nafasi yote ijae. Wenzake waliuita utumbo. "Milimita leo kajaza utumbo paa zima," walisema, naye alicheka wa mwisho, baada ya kuhakikisha mikunjo yote inalingana.

Basi mwaka huo akaanza kumjengea shangazi yake chumba nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Shangazi ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, na sasa, uzeeni, alikuwa akiishi kwenye chumba cha kupanga chenye bati tupu juu, ambacho mchana hakikaliki. Daktari alishasema presha yake na joto lile havipatani. Milimita akamwahidi chumba cha ubaridi kabla jua kali halijaanza.

Shangazi naye akawa na sharti moja: liingie kabati lake, kazi ya mkono ya marehemu mumewe, refu na zito, lisilofunguka bila kulalamika. Kwenye ramani ya kwanza dari iligonga kichwa cha kabati.

"Ipandishe hiyo dari, baba," alisema shangazi. "Kabati langu halijawahi kumwinamia mtu."

Milimita akaipandisha. Ni jambo la kubofya mara mbili. Dari ikapanda sentimita sita, sufi ikabakiwa na sentimita nne badala ya kumi, na ile mikunjo, kwa utiifu wake wote, ikajifinya yenyewe ikaenea. Ilipendeza ajabu. Akaichapisha.

Kuta zikapanda, mabati yakapigiliwa. Asubuhi ya kufunga dari, fundi dari akaingia ofisini, mwanamke mfupi mwenye penseli sikioni, kakumbatia kipande cha sufi. Akakiweka juu ya meza ya Milimita, mbele ya wenzake wote, na rula kando yake.

"Za kazi, kaka. Nimekuja kujifunza."

"Kujifunza nini?"

"Hii ina sentimita kumi. Kwenye ramani yako ina nne. Nionyeshe ulivyoifinya."

Milimita akaikandamiza kwa kiganja, ikalala. Akaondoa kiganja, ikainuka taratibu mpaka palepale ilipokuwa.

"Nikiilazimisha itaingia," alisema fundi, sasa kwa sauti ya chini. "Lakini kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani. Ukiibana, hewa imetoka. Mama atakaa chini ya bati vilevile. Na paa limeshafungwa, haliinuki. Ni dari ishuke, au umpike shangazi yako."

Nyuma mtu alishindwa kuzuia kicheko. "Milimita, hizo sentimita sita zimekwenda wapi?" Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na safari hii Milimita hakucheka hata wa mwisho.

Lakini kilichomuuma hakikuwa aibu. Ukweli ni kwamba siku ile aliiona ile nne. Aliiona vizuri sana, akaona na mikunjo imependeza, akaamua kuiamini mikunjo. Akamwomba fundi asubiri, akapiga moyo konde, akaenda kwa shangazi.

Alimkuta nje ya chumba chake, kivulini, anashona kifungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Wamekufukuza?"

Akamweleza yote, sufi, dari na kabati, bila kumtazama usoni. Shangazi akaacha kushona. Akageuka kulitazama kabati lake kupitia mlangoni, akalitazama sana.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nipandishe. Nilishindwa kukukatalia, shangazi. Kwa yote uliyonifanyia, kitu chenyewe kimoja tu..."

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya, ulipotaka baiskeli nilikujibu nini?"

"Hapana."

"Na yule mbwa?"

"Hapana."

"Kwenda kulala kwa rafiki zako?"

"Hapana. Na ukafunga mlango kwa ufunguo."

"Nimekulea kwa hapana, baba, mwaka hadi mwaka. Kuna siku ulidhani sikupendi?"

Milimita akamtazama usoni. Akatikisa kichwa.

"Basi na mimi niambie."

"Nikuambie nini?"

"Iseme. Nataka niisikie kwa masikio yangu."

"Hapana, shangazi," alisema Milimita, na machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake. "Kabati halitaingia."

Shangazi akamfuta uso kwa lile shati alilokuwa akilishona, kifungo kikining'inia.

"Umechelewa, lakini umesema," alisema. "Haya, mpigie huyo fundi, dari ishuke. Kabati niachie, nitalililia mwenyewe."