Gari Lilipimwa Tupu

Mimi ni fundi wa matairi, na nina desturi moja ambayo mafundi wenzangu huicheka: sipimi gari likiwa tupu. Mteja akija anataka rimu pana, namwita kinyozi wa mlango wa pili na mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, wote wawili wanene wa kujivunia, wakae siti ya nyuma. Gari likishuka, ndipo ninapopitisha vidole kati ya tairi na madigadi yanayolifunika. Vidole viwili vikipita, nafunga. Visipopita, mteja akatafute tairi nyembamba au fundi mwingine. Kinyozi hujiita mizani ya karakana na hudai soda kila akikaa.

Siku moja tu sikuwaita.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuja Jumatano asubuhi na gari la marehemu baba, gari dogo jeupe la milango minne. Mama alimkabidhi funguo kwa sharti moja: kila Alhamisi ampeleke kliniki. Tangu apasuliwe nyonga, mama hawezi kukunja mguu mmoja, kwa hiyo siti ya mbele haimfai. Hukaa nyuma, mguu kaunyoosha juu ya kiti kizima. Mimi nina pikipiki tu, na pikipiki haina pa kuweka mguu kama ule.

"Dada, nataka mbele nyembamba, nyuma pana," alisema, akinionyesha picha kwenye simu. "Nyuma ijae kabisa."

Kazi hiyo naijua. Gari lile linasukumwa na magurudumu ya nyuma, hivyo tairi pana nyuma si wazimu. Nilimwambia mbele avae za milimita mia mbili ishirini na tano, nyuma asizidishe mia mbili hamsini na tano, kimo kikaribiane, na ajue kwamba zikianza kulika hataweza tena kuzihamisha za mbele kwenda nyuma. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri tangazo liishe. Nyuma alitaka mia mbili sabini na tano. Springi alishazikatisha kwa fundi mwingine ili gari likae chini, na kwenye buti kulikuwa na spika ambayo peke yake ilitosha kuwa abiria.

"Zitagusa," nilisema. "Ngoja niite watu wakae nyuma tupime."

"Wa nini? Kwani nani anakaa nyuma kwenye gari hili?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Ilikuwa Jumatano, na kesho yake ilikuwa Alhamisi, na alikuwa amesahau kweli. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, mama, na lilikuwa mdomoni. Lakini yeye alishaendelea.

"Wewe funga tu, dada. Huo ushamba wa kupakia wanene kwenye magari ya watu wafanyie wateja wako."

Hasira zilinipanda. Nikajiambia, haya, yamkute. Kesho tairi litapiga kelele, ataaibika mbele ya mama, atarudi hapa kafyata mkia kuniomba nimtafutie nyembamba. Nikapima gari tupu. Vidole viwili vilipita kwa shida. Nikakaza kila nati kwa ustadi wangu wote. Rimu za zamani alimwachia palepale muuzaji aliyemletea hizo mpya, na kabla ya jioni zilishaondoka na mtu mwingine.

Alhamisi nilifika nyumbani kwa mama mapema, makusudi, nijionee. Tulimsaidia mama kuingia, tukamnyoosha mguu. "Limependeza," alisema, akipapasa mlango. Gari likatoka getini, likapanda tuta la barabarani, na mkwaruzo nikausikia nikiwa bado nimeshika geti. Likasimama. Nikasikia harufu ya mpira.

Mdogo wangu alishuka, akapiga magoti kando ya tairi. Alipapasa pale palipochubuka, taratibu, akipulizia vumbi. Mguu wa mama hajawahi kuushika hivyo.

Mama alitoa kichwa dirishani. "Ni mimi?"

Nilingoja mdogo wangu aseme hapana.

"Uzito umezidi kidogo, mama," alisema. "Leo tukuitie teksi."

"Nimenenepa," mama alisema. "Kutwa kukaa, kazi yangu kula."

Mama hafiki kilo hamsini. Gauni alilovaa nimelipunguza kwa mkono wangu mara mbili tangu atoke hospitali. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo, niseme habari ya springi, niseme habari ya spika, niseme kwamba fundi alijua na akafunga. Mdogo wangu alinitazama. Kulitaja kosa lake kulikuwa kulitaja na langu. Nikamshika mama mkono nikamshusha, naye akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Wiki nzima nilitafuta rimu za kumrudishia, naye wiki nzima hakuzitaka. Alhamisi iliyofuata nilimkuta mama amekaa kiti cha mlangoni, kavaa, kafunga kitambaa, mkoba magotini. Chai ilikuwa imepoa mezani, mkate haujaguswa.

"Mama, hujala?"

"Tangu jana mchana," alisema kwa sauti ya chini, yenye furaha kidogo. "Mwambie mdogo wako tujaribu tena. Leo nadhani litanibeba."