Hatuna Njaa Hapa

Bibi alikuwa kibarazani akitia kiraka shuka, afisa wa ustawi alipoingia uani na mkoba begani, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, bibi. Shule ya sekondari imepata vishikwambi vya kusomea, vya watoto wa kaya maskini. Napita kuuliza hali. Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Marahaba. Mara tatu, mwanangu. Ukisubiri utakula na wewe."

"Mnalala wapi?"

"Vitandani. Kwani sisi popo?"

Afisa alicheka, akabonyeza simu yake mara moja, akaaga. Bibi alirudi kwenye kiraka chake roho kwatu. Alikuwa msichana mdogo mwaka ule wa ukame, walipochemsha ngozi ya ng'ombe wakanywa maji yake, na wadogo zake wawili wakazikwa kabla mvua haijarudi. Tangu hapo, kila siku iliyokuwa na chakula yeye alijiona mwenye nacho.

Mchana mwanawe wa kike alirudi kutoka kwa dobi, alikokuwa akipiga pasi, mkono umefungwa kitambaa mahali alipoungua. Binti yake alimfuata nyuma, bado yumo ndani ya sare za shule.

"Mama, afisa amepita?"

"Amepita. Kijana ana adabu. Nimemwambia sisi si maskini."

Mpiga pasi alikaa chini pale pale. "Mama! Unajua nimembembeleza mwalimu mkuu kiasi gani mpaka akamtuma?"

"Sasa niseme uongo? Umaskini naujua mimi. Huyu mtoto amelala njaa lini?"

Binti ndiye aliyejibu, macho chini.

"Bibi, kazi zote siku hizi zinatumwa kwenye simu. Mwalimu akisema fungueni maswali, wenzangu wanafungua simu. Mimi nafungua begi. Najifanya natafuta kalamu mpaka kipindi kiishe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wananiita Bi Kalamu."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja jina lake, na hilo ndilo lililomchoma bibi. Mwaka wa ukame walikonda wote, kijiji kizima. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Huyu alikuwa ameshiba, na alikuwa peke yake.

Bibi alivaa kandambili zake, akatoka bila kuaga.

Alimkuta afisa kwenye kibanda cha chai, mabenchi yamejaa watu.

"Baba, yale ya asubuhi yafute. Mjukuu wangu hana cha kusomea. Darasa zima wanacho, yeye hana."

"Bibi yangu, kukosa walicho nacho wenzako siyo umaskini. Mwongozo unataka kaya inayolala njaa."

"Na mtoto anayekaa darasani bure?"

"Hicho kipengele hakipo."

"Kwa hiyo ukisikia tunalala njaa, unampa?"

Afisa alikoroga chai yake. "Nikisikia kinywani mwako, nampa. Siwezi kuandika nisichoambiwa."

Bibi alitazama mabenchini. Aliwajua wote: muuza mkaa, fundi viatu, jirani ambaye bibi mwenyewe alimpelekea bakuli la mchuzi juzi tu, jirani huyo alipougua. Hata mwaka ule, midomo imepasuka, mama yake alimkataza kulitamka neno njaa mbele za watu.

"Tunalala njaa," alisema.

Vichwa vyote mabenchini viligeuka. Kisha jirani wa mchuzi akakohoa. "Ni kweli, baba. Hali yao mbaya sana. Tunawaonea huruma."

Afisa alimtazama bibi, akamtazama jirani, akainamisha uso kuficha tabasamu. Akabonyeza simu. Akafungua mkoba.

Jioni binti alilala kifudifudi kitandani, kishikwambi mbele yake, akijisomea maswali kwa sauti na kujijibu mwenyewe. Mama yake alinyoosha miguu ukutani, akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Bibi akafunua sufuria. Harufu ya wali na vitunguu ikajaa chumba, ikaanza kutoka nje.

"Hebu funga dirisha," alimwambia mwanawe.

"Na joto lote hili, mama?"

"Funga. Mtaa mzima unajua tunalala njaa."

Wakacheka wote watatu, binti mpaka akashika mbavu. Kisha mama yake akafuta machozi ya kicheko, akainuka, na dirisha akalifunga.