Neno "Tayari"

Fundi wa kompyuta ndiye aliyeliandika neno "Tayari" linalotokea kwa kijani kwenye skrini ya maabara ya hospitali. Kompyuta ya maabara ni pepe, yaani si kifaa cha kushikika bali programu inayoishi ndani ya mashine kubwa katika chumba cha fundi pale hospitalini, na umeme ukikatika na kurudi, fundi huiwasha upya. Neno lile lilipaswa kungoja mpaka kompyuta pepe iitike yenyewe. Yeye, kwa uvivu wake, aliliagiza lihesabu sekunde tisini tu, basi.

Asubuhi moja umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta ilichukua dakika nne kuamka. Dada wa maabara aliona kijani, akaingiza majibu ya watoto kumi na mmoja, akamwaga sampuli za damu. Kumbe kompyuta ilikuwa haijaamka, haikuhifadhi kitu; majibu yote yakaenda na maji. Watoto wakachomwa sindano upya, vilio korido nzima, na dada akagombezwa mbele ya wazazi. Fundi alikuwepo, akajikausha.

Mchana dada alimfuata, macho mekundu.

"Kaka, nisamehe, nimekuharibia mfumo wako. Hebu nielekeze, nikishaona 'Tayari' huwa nangoja nini tena?"

Fundi akaketi kwenye mashine yake mbele ya dada, akaifuta ile hesabu ya sekunde tisini. Akaliagiza neno lile lingoje mpaka kompyuta pepe iitike yenyewe.